Uyoga Jikoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yameanza na ya msingi na kuishia na yale ya nadra. Mwenye haraka aanze na sehemu ya maji na moto, maana ndiko makosa mengi ya jikoni yanakotokea. Aliyeokota uyoga porini aanze na sehemu ya mwisho, kabla hajawasha jiko.

## Kuujua uyoga

Uyoga ni mboga au ni nini hasa?

Sahanini ni mboga. Kwa maumbile yake ni kuvu, kundi linalojitegemea ambalo si mmea wala mnyama. Hauna majani wala mizizi na hautumii mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Tunachokula ni kiungo cha uzazi tu, kinachojitokeza ili kumwaga vijimbegu. Kuvu lenyewe ni utando wa nyuzi nyembamba uliojificha ardhini, kwenye gogo au kwenye mabua yanayooza. Utando huo unaweza kuwa mkubwa ajabu: kuvu moja la aina ya *Armillaria ostoyae* huko Oregon, Marekani, limetanda chini ya msitu wa takriban hekta 965.

Kwa mpishi, mambo mawili yanatokana na hapo. Kwanza, zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa uyoga mbichi ni maji. Pili, kuta za chembe zake zimejengwa kwa kaitini, kitu kilekile kilichomo kwenye magamba ya kamba na wadudu, na kaitini hailainiki kwa kuchemshwa jinsi mboga za majani au viazi vinavyolainika. Karibu kila jibu la mapishi hapa chini linarudi kwenye mambo hayo mawili.

Aina zipi zinafaa kwa mapishi ya kila siku?

Uyoga kifungo (*Agaricus bisporus*) una ladha ya wastani na unaingia karibu kila mahali. Mamama (*Pleurotus ostreatus*) ni mwepesi, una kofia pana na nyama inayochanika kwa nyuzi. Unaiva haraka na unashika viungo vizuri. Shitake (*Lentinula edodes*) una ladha nzito kuliko hiyo miwili, hasa ukiwa mkavu, lakini shina lake ni gumu, hivyo likate na ulitumie kwenye supu tu. Uyoga sikio, mweusi na laini kama ngozi, hauna ladha kubwa; watu huupenda kwa jinsi unavyotafunika. Enoki, ule mwembamba kama tambi, hutiwa kwenye supu, na una sharti lake la usalama (tazama swali la kula uyoga mbichi).

Anayeanza na apike mamama. Hausumbui kukata, na hata ukiukosea moto bado unalika.

Kifungo cheupe, kifungo cha kahawia na ule mkubwa wenye kofia pana kama sahani vina tofauti gani?

Vyote ni *Agaricus bisporus*. Cheupe na cha kahawia ni mbegu mbili za aina moja, na ule mkubwa ni wa kahawia ulioachwa ukue hadi kofia ikafunguka. Kadiri unavyokomaa ndivyo unavyopoteza maji na ladha kukolea, ndiyo maana mkubwa unafaa kuchomwa mzima. Matamvua yake meusi (mikunjo myembamba iliyo chini ya kofia) hugeuza mchuzi kuwa wa kijivu. Ukitaka mchuzi mweupe, yakwangue kwa kijiko kabla ya kukata.

Uyoga una lishe gani? Kweli unachukua nafasi ya nyama?

Gramu 100 za uyoga kifungo mbichi zina takriban kalori 22 na gramu 3 za protini. Nyama isiyo na mafuta ya uzito huohuo ina protini inayozidi gramu 20. Kwa hiyo uyoga unashika nafasi ya nyama kwa ladha na kwa jinsi unavyotafunika. Protini itafute kwenye maharage, dengu, mayai au samaki. Ubora wake uko kwenye vitamini za kundi B (hasa riboflavini na niasini), seleniamu, shaba na potasiamu. Usiutegemee kwa vitamini B12. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu auhesabu uyoga kwenye mgawo wake wa siku.

Ni kweli kuuanika juani kunaongeza vitamini D?

Kweli. Uyoga una kemikali iitwayo ergosteroli ambayo miali ya jua huigeuza kuwa vitamini D2, hata baada ya kuvunwa. Kata vipande, vipange safu moja, au ugeuze kofia ili matamvua yatazame juu, kisha uache kwenye jua kali la mchana kwa dakika 30 hadi 60. Nyuma ya kioo cha dirisha haisaidii, kwa sababu kioo huzuia miali inayohitajika. Kupika hakuiondoi vitamini hiyo yote, wala kukausha.

## Kununua, kutunza na kusafisha

Nitautambuaje uyoga mzuri sokoni?

Ubonyeze kidogo: unapaswa kuwa mgumu na mkavu, si wa kunata. Kwa uyoga kifungo, tazama chini ya kofia. Ikiwa ngozi nyembamba bado imeziba matamvua, umevunwa karibuni. Ikiwa imepasuka na matamvua ni ya kahawia, bado unafaa ila upikwe siku hiyohiyo. Kwa mamama, angalia kingo za kofia. Zikiwa zimekauka na kupasuka umepoteza maji. Zikiwa za njano na zinateleza umeanza kuoza. Harufu iwe ya udongo au ya mbao mbichi. Ikikukumbusha samaki au mkojo, uache hapohapo.

Kwa nini uyoga wangu unakuwa na ute baada ya siku mbili tu kwenye friji?

Mara nyingi ni kwa sababu ya mfuko wa plastiki. Uyoga huendelea kupumua baada ya kuvunwa na kutoa mvuke. Mvuke ukikosa pa kutokea unageuka matone, nayo matone yanalea bakteria. Uhamishie kwenye mfuko wa karatasi au bakuli lililotandikwa kitambaa kikavu na kufunikwa kwa kitambaa kingine, uweke kwenye rafu na si kwenye droo ya mboga yenye unyevu. Kwenye nyuzi joto 1 hadi 4, uyoga kifungo hukaa siku 5 hadi 7. Mamama hukaa siku 3 hadi 5. Usiuoshe kabla ya kuuhifadhi.

Pakiti za dukani mara nyingi zina vitundu vidogo kwenye plastiki. Vipo kwa sababu: uyoga uliozibwa kabisa humaliza hewa ya oksijeni iliyomo, na pasipo oksijeni bakteria wa botulismu, sumu ya chakula inayoweza kuua, wanaweza kustawi. Usiihamishie pakiti hiyo ndani ya mfuko mwingine uliofungwa.

Kuna utando mweupe kama pamba kwenye mashina. Nitupe?

Utando mweupe, mkavu, unaoota kwenye shina au juu ya kofia ya mamama kwa kawaida ni nyuzi za uyoga wenyewe zinazoendelea kukua. Ufute kwa kitambaa, upike. Ukiwa wa kijani, mweusi au wa waridi, au ukiandamana na ute na harufu mbaya, tupa wote, maana kukata sehemu iliyooza hakutoshi kwa kitu chenye maji mengi hivi.

Uoshwe au usioshwe?

Uoshwe, ila kwa haraka. Ile hofu kwamba uyoga utakunywa maji yote imepitiliza: ukisuuzwa chini ya bomba kwa sekunde chache, maji unayoongeza ni machache mno ukilinganisha na yale uliyonayo tayari. Kinachoharibu ni kuulowesha kwenye beseni, hasa ukiwa umeshakatwa, au ukiwa mamama wenye matamvua wazi. Suuza ukiwa mzima, kung'uta, tandaza juu ya taulo, kata, pika papo hapo. Uyoga msafi uliokuzwa ndani unatosha kufutwa kwa kitambaa chenye unyevu.

Ni lazima kumenya kofia?

Hapana.

Shina huliwa?

La kifungo huliwa lote. Kata tu ncha iliyokauka. La mamama huliwa isipokuwa kitako kigumu kinachounganisha kichala. La shitake halitafuniki: ligandishe hadi upate ya kutosha supu.

## Maji na moto

Kwa nini uyoga wangu unajichemkia kwenye maji yake badala ya kukaangika?

Kikaangio kimejaa kupita kiasi, au moto ni mdogo, au yote mawili. Uyoga ukipata joto hutoa maji. Maji yakitoka haraka kuliko yanavyokauka, joto la kikaangio haliwezi kuvuka nyuzi 100, na rangi ya kahawia haiji mpaka uso wa chakula uvuke hapo kwa mbali.

Kwa gramu 250 za uyoga, tumia kikaangio kipana cha sentimita 28 hadi 30. Kata vipande vya unene wa milimita 5 hadi 7. Vyembamba zaidi vinapotea, kwa sababu uyoga unapungua karibu nusu. Washa moto mkali, kikaangio kipate joto dakika 2, tia vijiko 2 vya chakula vya mafuta, mwaga uyoga na uutandaze safu moja. Usiuguse kwa dakika 3. Maji yatatoka, yaache yakauke, usiyamwage, kwani humo ndimo ladha ilimo. Sikiliza: mchemko wa maji utageuka mlio mkavu wa mafuta. Hapo ndipo ukaangaji wenyewe unapoanza, na ndipo wengi huepua. Endelea dakika 3 hadi 5 ukigeuza mara moja moja hadi kingo ziwe za dhahabu. Kitunguu saumu na siagi vitie dakika ya mwisho tu, maana vikitangulia vinaungua.

Una gramu 500? Kaanga kwa mikupuo miwili, au tumia njia ya jibu linalofuata.

Uyoga unakunywa mafuta yote. Nifanyeje?

Uyoga mbichi una vijitundu vya hewa kama sifongo, na mafuta huingia humo. Vijitundu hivyo vifunge kwanza kwa maji. Weka gramu 500 za uyoga uliokatwa kwenye kikaangio pamoja na robo kikombe cha maji, funika, moto mkali, dakika 4 hadi 5. Uyoga utanywea na kutoa maji yake. Funua, acha yote yakauke, kisha tia kijiko kimoja cha mafuta na ukaange hadi uwe wa kahawia. Kijiko hicho kinatosha, kwa sababu tundu la kunywea halipo tena.

Kosa la kawaida ni kuongeza mafuta pale kikaangio kinapoonekana kikavu dakika ya kwanza. Subiri, uyoga utayarudisha baadhi. Ukiongeza kila unapoona ukavu, utaishia na sahani inayoogelea.

Chumvi itiwe mwanzo au mwisho?

Mabishano haya hayana uzito yanaopewa. Chumvi ya mwanzo huvuta maji nje mapema, na ya mwisho huacha vipande vikiwa vinene kidogo. Ukifuata njia ya maji hapo juu, tia mwanzo. Ukikaanga kwa moto mkali bila kufunika, tia baada ya rangi kuja. Jambo moja ndilo la kuzingatia kweli: uyoga unapungua, kwa hiyo chumvi inayoonekana ndogo kwenye mlima wa uyoga mbichi itakuwa nyingi baada ya dakika 10.

Naweza kuupika kupita kiasi?

Ni vigumu. Kaitini inastahimili joto, na uyoga uliochemka saa nzima bado una umbo na ukakamavu, wakati karoti za sufuria hiyo zimeshakuwa rojo. Ndiyo sababu uyoga unaweza kuingia mapema kwenye mchuzi wa kuchemka polepole. Kuungua na kukauka ni jambo jingine: vipande vyembamba vya mamama vinageuka ngozi vikiachwa motoni baada ya maji kuisha.

Mchuzi wangu wa uyoga ni mwepesi na hauna ladha. Tatizo ni nini?

Uyoga umetiwa mbichi kwenye mchuzi. Maji yake yamezimua mchuzi na haukupata nafasi ya kuwa wa kahawia. Ukaange kwanza kama ilivyoelezwa, uweke kando. Kwenye kikaangio hichohicho kaanga kitunguu, tia supu kidogo na ukwangue yale yaliyogandia chini, kisha nyanya, krimu au tui, uchemke hadi uzito unaoutaka. Uyoga urudishe dakika 5 za mwisho. Matone machache ya limau au siki mwishoni huamsha ladha kuliko chumvi ya ziada.

Nitaupikaje kwa oveni?

Nyuzi 220. Changanya gramu 500 na vijiko 2 vya mafuta na chumvi kidogo, tandaza safu moja kwenye trei pana, dakika 20 hadi 25. Dakika ya 12 hivi, trei ikijaa maji, yamimine kwenye kikombe kwa ajili ya supu na urudishe uyoga ndani. Mamama uchane kwa mkono kufuata nyuzi zake. Kisu hukata nyuso laini, ilhali kuchana huacha nyuzi nyingi zinazokaangika vizuri.

Nawezaje kuuchanganya na nyama ya kusaga?

Gramu 200 za uyoga kwa gramu 400 za nyama ni uwiano ambao walaji wengi hawaugundui. Katakata uyoga hadi ulingane na punje za nyama, ukaange mkavu bila mafuta hadi maji yaishe kabisa, upoe, ndipo uchanganye. Ukitiwa mbichi, kababu zitapasuka motoni kwa sababu ya mvuke.

Kwa nini uyoga unatia ladha ya nyama hata pasipo nyama?

Una glutamati nyingi, kemikali ambayo Kikunae Ikeda, mkemia wa Japani, aliitambua mwaka 1908 kuwa chanzo cha ladha aliyoiita umami. Shitake mkavu ukiloweshwa na kupikwa hutoa pia guanilati, kemikali nyingine ya ladha hiyo, na hizi mbili zikikutana kwenye sufuria moja ladha hukua kuliko kila moja ingeweza peke yake. Ndiyo maana uyoga mkavu pamoja na nyanya, sosi ya soya au jibini kavu, ambavyo vina glutamati, hutoa mchuzi wenye uzito. Kitu kidogo cha kujaribu: kijiko kimoja cha chai cha sosi ya soya kwenye gramu 250 za uyoga, dakika moja kabla ya kuepua.

## Kukausha, kugandisha na kuweka akiba

Nitaukaushaje nyumbani?

Kata vipande vya milimita 5, vyote sawa, maana kipande kinene kimoja kinatosha kuozesha chupa nzima. Tumia mashine ya kukaushia au oveni yenye nyuzi 50 hadi 55, mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke, kwa saa 6 hadi 10. Juani inawezekana kukiwa na upepo na ukavu. Siku zikiwa na unyevu, uyoga huota ukungu kabla haujakauka.

Uliokauka huvunjika kwa mlio. Ukipinda bila kuvunjika, urudishe. Acha upoe kabisa, tia kwenye chupa isiyopitisha hewa, na uichunguze baada ya siku mbili: ukungu wa maji kwenye kioo maana yake haukukauka. Kilo moja ya uyoga mbichi hubaki takriban gramu 100.

Na kuulowesha?

Maji ya vuguvugu, dakika 20 hadi 30, yafunike uyoga. Kwa shitake mnene, maji baridi ndani ya friji kwa saa 6 hadi 12 yanatoa matokeo bora; guanilati hutengenezwa baadaye, uyoga uliolowa unapopashwa moto. Maji ya kuloweshea yachuje kwa kitambaa, acha mchanga chini, mengine yatumie kama supu.

Uyoga sikio uangalie kwa makini zaidi. Unavimba mara kadhaa, kwa hiyo kiganja kimoja hujaza bakuli. Usiuache majini kwenye joto la chumba usiku kucha, achilia mbali siku mbili. Kuna bakteria, *Burkholderia gladioli*, wanaoweza kutengeneza humo asidi ya bongkreki, sumu ambayo imeua watu na ambayo kupika hakuiondoi. Saa moja au mbili zinatosha. Usiotumika siku hiyo utupe.

Naweza kuugandisha mbichi?

Unaweza, lakini hutafurahia. Barafu hupasua chembe, vimeng'enya huendelea kufanya kazi, na unatoka mweusi wenye maji. Ukaange kwanza au upitishe kwenye mvuke dakika 3 hadi 5, upoe, upange kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja. Hukaa miezi 9 hadi 12. Upike ukiwa bado na barafu.

Unga wa uyoga una kazi gani?

Saga uyoga mkavu kabisa, chuja. Kijiko kimoja cha chai kinatosha sufuria ya supu ya watu wanne. Usiutumie kukaangia, unaungua upesi.

Nimeona watu wanauweka kwenye mafuta yenye kitunguu saumu. Ni salama?

Mezani siku hiyo, ndiyo. Rafuni kwa wiki, hapana. Uyoga una asidi ndogo, mafuta huzuia hewa, na hayo ndiyo mazingira ya bakteria wa botulismu, ambao sumu yake haina harufu wala ladha. Weka kwenye friji na umalize ndani ya siku 4. Kwa akiba ndefu, uchemshe uyoga na kuuhifadhi kwenye siki yenye asidi ya asilimia 5, au ukaushe.

## Usalama na miili yetu

Uyoga unaweza kuliwa mbichi?

Jibu fupi: upike. Kifungo mbichi kwenye saladi hakimdhuru mtu wa kawaida kwa kiasi kidogo, ingawa kina agaritini, kemikali inayopungua kwa kupikwa, na kaitini yake mbichi ni ngumu kusagika tumboni. Shitake mbichi au nusu mbichi unaweza kuleta vipele vya mistari mwili mzima, kana kwamba mtu amechapwa fimbo, siku moja au mbili baada ya kula. Enoki umewahi kubeba bakteria wa listeria. Mwaka 2020 nchini Marekani watu 36 waliugua na 4 walifariki. Mjamzito na mzee wasiuguse ukiwa mbichi.

Moreli (*Morchella*), ambao watu huuhusudu, ni sumu ukiwa mbichi. Mwaka 2023 huko Montana, Marekani, watu 51 waliugua na 2 wakafariki baada ya kula moreli uliotolewa mbichi au bila kuiva vizuri.

Nimeambiwa uyoga uliopikwa usipashwe moto tena.

Ni onyo la enzi ambazo jokofu halikuwepo. Uliopoa na kuingia kwenye friji ndani ya saa 2 hukaa siku 3 hadi 4. Upashe hadi utoe mvuke katikati, nyuzi 75 au zaidi, mara moja tu. Uliolala juu ya jiko usiku kucha utupe, hata ukinukia vizuri.

Kila nikila uyoga tumbo linavurugika, wengine hawana shida. Kwa nini?

Punguza kiasi na uupike zaidi, kwani mara nyingi kaitini ndiyo tatizo. Wapo wachache wasio na kimeng'enya cha kutosha cha kusaga trehalosi, sukari iliyomo kwenye uyoga. Hao huharisha hata ukiiva vizuri, na mkavu huwasumbua zaidi kwa kuwa sukari imekolea. Mzio wa kweli (uvimbe wa midomo, kushindwa kupumua) ni jambo la hospitali.

Uyoga na pombe vinapatana?

Wa madukani hauna neno. *Coprinopsis atramentaria*, uyoga wa porini unaoyeyuka na kuwa wino mweusi, una kemikali iitwayo koprini. Aliyeula akinywa pombe, hata siku mbili au tatu baadaye, uso huwaka, moyo hudunda na hutapika.

## Uyoga wa porini

Kuna kipimo cha nyumbani cha kutambua sumu?

Hakuna. Kijiko cha fedha hakigeuki rangi kwa ajili ya sumu za uyoga. Kitunguu saumu hakisemi kitu. Kwamba wadudu au konokono wameula haina maana, miili yao si kama yetu. Kofia inayomenyeka, rangi iliyopoa, ladha tamu, kuota juu ya mti: kila kanuni ya aina hii ina uyoga wa sumu unaoivunja. *Amanita phalloides* una ladha nzuri, kwa maelezo ya walionusurika, na kofia yake humenyeka vizuri kabisa.

Je, nikiuchemsha na kumwaga maji, au nikiukausha?

Sumu za amatoksini, zilizomo kwenye uyoga huo, hazivunjwi na kuchemsha, kukaanga, kukausha wala barafu. Nusu ya kofia ya *Amanita phalloides* yaweza kumuua mtu mzima.

Basi watu huutambuaje?

Kwa kuijua aina moja moja, sifa zote kwa pamoja, na kwa kuthibitishiwa na mjuzi anayeushika mkononi. Picha ya simu haitoshi. Wanaojua huuchimbua badala ya kuukata, kwa sababu *Amanita* nyingi zina kikombe kwenye kitako kinachobaki ardhini shina likivunjwa. Hutazama pia rangi ya vijimbegu: weka kofia juu ya karatasi, funika kwa bakuli, subiri saa kadhaa. *Chlorophyllum molybdites*, unaoota kwenye nyasi na kufanana sana na uyoga wa kuliwa wenye kofia pana, huacha unga wa kijani. Sifa moja peke yake haithibitishi usalama.

Hata aina sahihi usiichume kando ya barabara kuu au karibu na kiwanda. Uyoga hukusanya kadimiamu na zebaki kutoka ardhini.

Tumeula miaka yote na hatujapata shida. Bado kuna hatari?

Kuna. Uyoga *Paxillus involutus* ulihesabiwa wa kuliwa kwa muda mrefu huko Ulaya. Kwa baadhi ya watu, kula mara kwa mara huufanya mwili uanze kuvunja chembe nyekundu za damu zake wenyewe. Mwaka 1944 uliua Julius Schäffer, mtaalamu wa uyoga wa Ujerumani. Hatari nyingine ni kuhama: anayejua uyoga wa kwao hukuta mwingine unaofanana nao mahali pengine na kuuchuma kwa mazoea.

Mtu amekula uyoga ninaoutilia shaka. Nifanye nini?

Mpeleke hospitali sasa, hata akiwa mzima. Dalili za amatoksini huanza saa 6 hadi 24 baada ya kula: kutapika na kuharisha sana. Kisha hupata nafuu kwa siku moja hivi, na familia hudhani yamekwisha, wakati ini linaendelea kuharibika. Dalili zilizochelewa ni mbaya kuliko zilizoanza baada ya nusu saa.

Nenda na mabaki: uyoga mbichi kama upo, maganda, chakula kilichobaki, hata matapishi, kwenye mfuko wa karatasi au chombo. Andika saa uyoga ulipoliwa. Usimlazimishe kutapika wala usimpe maziwa au mafuta. Wote waliokula sahani ile waende pamoja naye.